Tarehe ya Uwanja wa Ndege wa Masirah

Kisiwa cha Masirah, kilichoachana na bara la Omani kwa masafa ya kilomita 20 hivi, kilijulikana kwa wasafiri tangu karne ya kwanza baada ya Masihi, kwani mfanyabiashara yule wa Kiyunani aliyeandika habari za Rhapta, bandari ya kale katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, ndiye aliyetaja kisiwa ambacho wanavyuoni wengi husema kuwa ndicho Masirah, akawasifu wakazi wake kuwa ni wavuvi wenye kusema Kiarabu, hujifunga majani ya miti viunoni, na bidhaa yao ni magamba mazuri ya kasa.

Mwaka 1904, zama za Sultani Faisal bin Turki, mabaharia wa Baron Inverdale, meli ya Kiingereza iliyopanda mwamba huko Kuria Muria, walifika Masirah kwa mashua wakitafuta salama, wakauawa, naye Sultani akawaadhibu wauaji kwa ukali.

Katika miaka ya 1930, ndege zilipokuwa bado haziwezi kumaliza safari ya kutoka Adeni hadi Muskati pasipo kushuka njiani, Waingereza walijenga ghala ya mafuta upande wa kaskazini, penye uwanda mpana. Na Vita Vikuu vya Pili vilipoleta nyambizi za Kijerumani na za Kijapani kuvizia meli katika Bahari ya Arabuni, ghala ile ikawa kambi kamili ya ndege za doria. Shehena zote zilikuja kwa bahari: meli ilitia nanga mbali, vitu vikashushwa matisharini, vikafikishwa gatini, kisha vikapakiwa katika mabehewa madogo ya reli nyembamba mpaka kambini, na kazi hiyo ilitakiwa iishe kabla kusi haijashika, kwani kusi kuu ikishavuma, bahari ya upande ule haiingiliki, kama wajuavyo manahodha wetu waliokuwa wakifanya haraka kuwahi bandari ya Sur huko Omani.

Baada ya vita kambi ilikuwa kituo cha ndege ziendazo Mashariki ya Mbali, na mitambo ya BBC ikajengwa kisiwani kurusha matangazo. Waingereza waliukabidhi uwanja kwa Omani tarehe 31 Machi 1977. Hata miezi mitatu haijatimia, tufani ya Juni ikawabomolea wenyeji nyumba zao, nami naona msiba huo wastahili kuandikwa kwa wino ule ule wa habari za majeshi. Aprili 1980 ndege za Kimarekani ziliruka kutoka hapo kwenda jangwani Iran kuwaokoa Wamarekani waliozuiliwa mateka Tehran, jaribio lililoshindwa, wakafa askari 8.

Uwanja sasa umo mikononi mwa Jeshi la Anga la Omani, na kasa wangali wakipanda pwani zile kutaga, ingawa idadi yao imepungua mno tangu miaka ya 1970, jambo linalodai hima ya serikali na ya wavuvi pamoja.