Inhela ya Pumu: Wahudumu wa Afya Hutaka Iweje?

Mwenye pumu akibanwa kifua usiku na hospitali iko mbali, inhela ndiyo msaada wa kwanza. Lakini dawa ikitumiwa vibaya haifiki kwenye mapafu. Hapa tunaeleza mambo ambayo madaktari, wauguzi na wafamasia huyatazama katika inhela.

Kwanza, mgonjwa aiweze. Inhela ya kupuliza hutaka mtu abonyeze huku akivuta pumzi polepole. Watoto na wazee wengi hushindwa, na dawa huishia mdomoni na kooni. Inhela ya unga hutaka kuvuta kwa nguvu, jambo gumu kwa mtoto mdogo au mtu aliyebanwa sana.

Pili, inhela ya kupuliza itumike na spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Dawa hutulia humo, mgonjwa akaivuta taratibu. Mwaka 1999, watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa ili inhela ikae bila kuvuja, iliwasaidia watoto sawa na spesa ya kununua. Mwombe mhudumu wa afya akuelekeze namna ya kuitengeneza.

Tatu, ionyeshe dozi zilizobaki. Inhela nyingi za salbutamol zina dozi 200. Dawa ikiisha, kopo bado linaweza kutoa gesi. Mgonjwa hudhani amepata dawa, kumbe amevuta gesi tupu. Kama inhela yako haina namba za kuhesabu, andika kila unapobonyeza.

Nne, ipatikane karibu na kwa bei mnayoimudu. Ukibadilishiwa aina, omba uonyeshwe upya, maana kila moja ina namna yake.

Ukienda zahanati, beba inhela yako na umwonyeshe mhudumu unavyoitumia. Kwa ya kupuliza bila spesa: itikise, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta polepole, kisha zuia pumzi kwa sekunde 10 ukiweza.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au dawa isipomsaidia, mpelekeni hospitali mara moja. Endeleeni kumpa dawa njiani.