Vita vya Mengo, 1966: Siku Lubiri ilipoanguka

Alfajiri ya Mei 24, 1966, wanajeshi wa serikali ya Uganda wakiongozwa na Idi Amin waliivamia Lubiri, kasri la Kabaka Mutesa wa Pili lililoko Mengo, Kampala. Walinzi wachache wa Kabaka walipambana nao kwa saa kadhaa, hadi iliponyesha mvua kubwa. Mvua hiyo ndiyo iliyomsitiri Mutesa: aliuparamia ukuta, akatoroka, akapitia Burundi hadi Uingereza.

Tangu mwaka 1963 Mutesa alikuwa pia rais wa Uganda, lakini mamlaka ya utendaji yalikuwa mikononi mwa waziri mkuu, Milton Obote. Februari 1966 Obote aliisimamisha katiba, na Aprili akautwaa urais. Mei 20, Lukiiko, bunge la Buganda, liliitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya mwezi kwisha, yaani iuhame mji mkuu wenyewe. Dai hilo halikuwa na jeshi la kulitetea. Lilimpa Obote kisingizio tu.

Katiba ya 1967 ilizifuta falme zote, hata Bunyoro, Toro na Ankole ambazo hazikuhusika na mapigano hayo. Lubiri ikageuzwa kambi ya jeshi.

Mutesa alifariki London Novemba 21, 1969. Aliyeurejesha mwili wake nyumbani mwaka 1971 ni Amin yuleyule, baada ya kumpindua Obote. Ufalme ulirudishwa 1993 chini ya mwanawe, Ronald Muwenda Mutebi wa Pili, ukiwa taasisi ya utamaduni isiyo na madaraka ya kisiasa.