Muuguzi Mlangoni: Huduma ya Kuwatembelea Wazazi Vijana Wanaopata Mtoto wa Kwanza

Uuguzi wa kuwatembelea wazazi vijana ni huduma ambayo muuguzi aliyepata mafunzo maalumu humfuata nyumbani mama anayetarajia mtoto wake wa kwanza, hasa mwenye umri mdogo, kipato duni au asiye na mtu wa kumtegemea. Huambatana naye tangu ujauzito hadi mtoto atimize miaka miwili. Muuguzi huyu hafiki kama mkaguzi, wala hangoji ugonjwa ndipo aje. Kazi yake ni kujenga uhusiano wa kuaminiana utakaomwezesha mama, na baba pale alipo, kukua katika wajibu wa malezi.

Asili ya huduma

Mpango unaojulikana zaidi ni Nurse-Family Partnership wa nchini Marekani, ulioasisiwa na Profesa David Olds. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Olds alifanya kazi katika kituo cha kulelea watoto wadogo mjini Baltimore. Aliona kwamba baadhi ya watoto walifika pale wakiwa tayari wameumizwa na mazingira yao, hata kabla ya kuzaliwa. Akahitimisha kwamba msaada unaoanza mtoto akiwa na miaka minne umechelewa. Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Cornell, alianza jaribio la kwanza mwishoni mwa miaka hiyo katika mji wa Elmira, jimbo la New York, likiwashirikisha wanawake 400. Yalifuata majaribio ya Memphis mwaka 1990 na Denver mwaka 1994. Uingereza ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2007, kwa akina mama wenye umri wa miaka 19 au chini yake.

Namna inavyofanyika

Mama huandikishwa kwa hiari yake, kwa kawaida kabla ya wiki ya 28 ya ujauzito. Mwezi wa kwanza muuguzi humtembelea kila wiki, kisha kila baada ya wiki mbili hadi kujifungua. Mtoto akizaliwa, ziara hurudi kuwa za kila wiki kwa wiki sita, halafu hupungua taratibu hadi kuwa za mara moja kwa mwezi. Kwa kuwa kila familia huhitaji muda wa kutosha, muuguzi mmoja huhudumia takribani familia 25 tu.

Mazungumzo hugusa mambo ya kila siku: lishe, kuacha sigara na pombe, dalili za hatari katika ujauzito, kunyonyesha, kumsoma mtoto anapolia, usalama wa nyumba, uhusiano na mwenzi, masomo na kazi. Muuguzi huanza na lile ambalo mama mwenyewe analitamani kwa ajili ya mtoto wake, kisha humsaidia kuligawa katika hatua ndogo anazoziweza. Akiona kuna ukatili au mtoto yumo hatarini, ana wajibu wa kutoa taarifa; na ni haki mama alifahamu jambo hilo tangu mwanzo, ili uaminifu usijengwe juu ya kificho.

Kwa nini mtoto wa kwanza? Kwa sababu wakati huo mazoea ya malezi hayajakomaa, na wazazi wengi wako tayari kujifunza. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji.

Tafiti zinasema nini

Washiriki wa majaribio hayo waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipata ziara na wengine wakiendelea na huduma za kawaida. Huko Elmira, watoto walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 15, taarifa za kuwatendea vibaya au kuwatelekeza zilikuwa chache zaidi katika familia zilizotembelewa na wauguzi wakati wa ujauzito na utoto. Huko Memphis, watoto waliotembelewa walilazwa hospitalini siku chache zaidi kwa sababu ya majeraha, na mama zao walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kupata mimba nyingine. Denver ilipima swali jingine: je, wahudumu wasio na taaluma ya uuguzi, wakifundishwa mpango uleule, wangepata matokeo yaleyale? Walileta manufaa fulani, lakini kwa jumla ya wauguzi yalikuwa makubwa zaidi.

Hata hivyo, ukweli unadai kusema na upande wa pili. Jaribio kubwa la Uingereza lililohusisha akina mama 1,645 halikuonesha tofauti katika malengo yake makuu, yakiwemo uvutaji wa sigara, uzito wa mtoto anapozaliwa na mimba ya pili ndani ya miaka miwili. Baada ya matokeo hayo, baadhi ya halmashauri ziliachana na huduma hiyo. Maelezo mojawapo ni kwamba kule hata asiyetembelewa na muuguzi huyu maalumu alikuwa tayari na mkunga, daktari na muuguzi wa jamii bila malipo. Ufuatiliaji wa baadaye ulionesha watoto waliotembelewa wakiwa na maandalizi bora kiasi walipoanza shule. Nchini Marekani nako, jaribio la South Carolina lililotangazwa mwaka 2022 halikupata tofauti katika afya ya watoto wakati wa kuzaliwa.

Fundisho kwetu

Matokeo haya hayafuti thamani ya huduma. Yanatuonya tusiahidi miujiza. Huduma huleta tofauti zaidi pale ambapo bila hiyo kijana angebaki peke yake. Nia njema peke yake haitoshi, maana maarifa ya muuguzi yana uzito wake. Katika jumuiya ndogondogo, jirani mwema anaweza kupeleka chakula na kusikiliza. Lakini shinikizo la damu, kutokwa damu au huzuni nzito baada ya kujifungua vinahitaji mtaalamu, na jirani huyo afahamu mapema mahali pa kumpeleka mama.

Kanisa huadhimisha kila tarehe 31 Mei Sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti, aliyekaa kwake yapata miezi mitatu. Kutembelea kwa namna hii ni kukaa, wala si kupita. Binti aliyepata mimba katika umri mdogo hukutana mapema na wanaomhukumu. Anayebisha hodi mara ya pili, ya kumi na ya thelathini ni nadra. Pengine huyo ndiye anayemfanya aamini kwamba yeye na mtoto wake wana thamani, na kwamba kesho yao haijafungwa.