Daftari la Zamu

Akina mama wenzetu, hesabu za hisa katika kitabu hiki zinaonyesha kuwa mgahawa wetu wa Newala umetupatia fedha. Ugomvi wake hauonekani humo. Nanyi mlioingia baadaye mnauliza kila mara kwa nini daftari la zamu linafungiwa kwenye kasha pamoja na fedha.

Hapo mwanzo mwenzetu aliyewahi kufanya kazi hotelini Masasi alituletea utaratibu wa huko: zamu ya asubuhi saa 11 alfajiri hadi saa 8 mchana, ya pili hadi usiku. Majina ya mwezi mzima yakabandikwa ukutani. Yalipendeza kweli!

Lakini Masasi ni njia panda, basi la Songea linapita na la Newala linapita, wateja hawakatiki. Kwetu wateja hufuata korosho. Minada ikianza Oktoba na wakulima wakalipwa, sufuria hazitoshi. Na miezi hiyohiyo sisi wenyewe tumeinama chini ya mikorosho tunaokota, maana korosho ikinyeshewa daraja linashuka. Nani aende zamu?

Tena kuna maji. Huku juu uwandani hakuna mito. Mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950 uliwapunguzia bibi zetu safari za kushuka bondeni, ila bomba likikauka, wa zamu ya asubuhi huamka saa 8 usiku kutafuta ndoo. Karatasi ilisema masaa 9, mwili ulisema 12.

Mwenzetu mmoja mwenye mtoto mchanga alikosa zamu tatu. Tukamtoza faini tatu. Akachukua hisa zake, akaondoka bila kuaga.

Baadaye, tulipotaka kuajiri wasichana wawili, tulisomewa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: masaa 45 kwa wiki bila ya ziada, na mjamzito asipangiwe usiku miezi miwili kabla ya kujifungua. Jamani, tuliona aibu. Tulikuwa tunabanana wenyewe kwa wenyewe kuliko tajiri anavyoruhusiwa kumbana mwajiriwa.

Tukaanza daftari jipya. Zamu zinapangwa kwa wiki, baada ya kila mmoja kutaja siku zake za shamba. Kuteka maji ni zamu kamili. Kubadilishana ruksa, wote wawili wakitia sahihi. Kwa kalamu ya wino! Penseli ilishatuponza, majina yalifutwa usiku, ndiyo sababu ya kasha.

Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yote, malipo yakachelewa kwa wengi, wateja wakala kwa mkopo. Tukabaki na zamu moja, kila mtu siku yake, hata viongozi.

Yule mwenzetu hakurudi. Tulimwendea tukiwa tumechelewa, na faini tukamrudishia. Anauza vitumbua ng'ambo ya barabara, na sisi ndio wateja wake wa alfajiri, kwa sababu zamu ya kukaanga vitumbua hakuna aliyeitaka.