Jaribio la Asch
Jaribio la Asch ni mfululizo wa majaribio ya saikolojia ya jamii aliyoyaongoza Solomon Asch nchini Marekani katika miaka ya 1950. Mshiriki aliketi na kikundi kidogo, akaulizwa ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana kwa urefu na mstari wa mfano. Swali jepesi, ila wenzake wote walikuwa wamepangwa mapema kutaja kwa sauti jibu lilelile la uongo. Takriban 75% ya washiriki walifuata kosa hilo angalau mara moja. Hapakuwa na kiongozi wala adhabu: wingi wenyewe ulitosha. Alipowekwa mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, ufuasi ulishuka sana. Robo iliyobaki, ambayo waandishi wengi huisahau, haikuyumba kamwe.