Ukwe kama Kipimo: Ed Sullivan na Jamii ya Wayahudi

Uhusiano wa Ed Sullivan na Wayahudi mara nyingi hupimwa kwa kuwahesabu wageni wake. Mkatoliki huyu mwenye asili ya Ayalandi aliendesha kipindi cha burudani mchanganyiko katika televisheni ya CBS ya Marekani kuanzia 1948 hadi 1971, na ni kweli kwamba Wayahudi walikuwamo tangu usiku wa kwanza, tarehe 20 Juni 1948: mchekeshaji Jerry Lewis, aliyekuja na Dean Martin, na mtunzi Richard Rodgers. Hata wanamuziki wa Beatles, waliotazamwa na watu wapatao milioni 73 tarehe 9 Februari 1964, walifika kwa mapatano na meneja wao Myahudi, Brian Epstein. Lakini hesabu hiyo inathibitisha machache. Burudani ya New York ilijaa vipaji vya Kiyahudi, na mtangazaji yeyote aliyetaka watazamaji angewaalika. Makala hii inadai kwamba ushahidi wenye uzito uko nyumbani kwa Sullivan, katika ukwe.

Msomaji wa Korbesa, kwa Waborana wa upande wa Merti, hahitaji kufundishwa uzito huo. Waborana wamegawanyika katika nusu mbili, Sabbo na Gona, na kwa mila wa Sabbo huoa Gona, naye wa Gona huoa Sabbo. Kila nyumba basi husimama kwa miguu ya pande mbili, na mkwe ana haki na wajibu ambao mshirika wa biashara hana. Ulinganisho huu una mpaka wake, na mpaka wenyewe ndio unaofundisha: huko mila huamuru kuvuka, ilhali Sullivan alivuka familia zikipinga. Alikutana na Sylvia Weinstein, Myahudi, mwaka 1926. Tofauti ya dini ikauvuruga uchumba wao kwa miaka kadhaa, hadi walipooana mwaka 1930. Televisheni ilikuwa bado miaka 18 mbele, kwa hiyo hakuna anayeweza kuiita ndoa hiyo hila ya kutafuta watazamaji. Ilidumu hadi Sylvia alipofariki mwaka 1973.

Pingamizi kubwa ni kisa cha Jackie Mason, mchekeshaji aliyewahi kuwa rabi. Oktoba 1964 Sullivan aliamini kwamba Mason alimwonyesha ishara chafu ya kidole mbele ya kamera, akavunja mkataba wake, Mason akamshtaki. Je, mkwe hutenda hivyo? Hutenda, pale anapoona heshima ya jukwaa lake imevunjwa, kwani ukali huohuo ulikuwa umempata mwanamuziki Bo Diddley mwaka 1955 kwa kuimba wimbo ambao hawakuwa wamekubaliana juu yake. Linalotofautisha ni yaliyofuata: Sullivan aliomba radhi hadharani, na mwaka 1966 Mason akarudi kipindini. Hayo hayamfanyi Sullivan kuwa Myahudi, wala msemaji wao. Yanatosha kumwita mkwe wao, na wasifu wake uandikwe kwa kuanzia hapo.