Beano: Jarida la watoto na swali la nani achekwe

Tarehe 30 Julai mwaka 1938, katika mji wa Dundee nchini Scotland, kampuni ya D.C. Thomson ilitoa toleo la kwanza la jarida la katuni za watoto liitwalo The Beano. Bei yake ilikuwa peni 2. Jarida hilo lingali likitoka hadi leo, na mwaka 2019 lilitimiza matoleo 4,000.

Katika miaka yote hiyo kazi yake imekuwa moja, kuwachekesha watoto. Kilichobadilika ni yule anayechekwa.

Ukurasa wa mbele wa toleo la kwanza ulipambwa na mbuni aliyeitwa Big Eggo. Lakini kando ya jina la jarida alikuwapo pia Peanut, mtoto mweusi aliyechorwa kwa dhihaka akila tikiti maji. Wakati huo Uingereza ilitawala sehemu kubwa ya Afrika, na michoro ya aina hiyo haikuwa jambo geni katika magazeti yake. Hivyo mtoto wa Uingereza alijifunza, huku akicheka, kwamba mtu mweusi ni kichekesho.

Vita vikuu vya pili vilipozuka, kejeli iliwageukia Adolf Hitler na Benito Mussolini. Karatasi ziliadimika, na kuanzia mwaka 1941 Beano likawa linapokezana wiki na jarida ndugu yake, The Dandy, hadi mwaka 1949. Peanut naye aliondolewa, wala wasomaji hawakupungua kwa kumkosa. Mwezi Aprili mwaka 1950 Beano liliuza karibu nakala milioni 2 kwa wiki.

Mwaka 1951 akaingia Dennis the Menace, mtoto mtukutu aliyechorwa na David Law. Mchoraji Leo Baxendale akafuatia na Minnie the Minx mwaka 1953, kisha mwaka 1954 wanafunzi wa darasa lililoshindikana, Bash Street. Sasa waliochekwa walikuwa walimu, askari polisi na wazazi. Hata hivyo, mara nyingi kisa kilimalizika kwa Dennis kuchapwa sapatu na baba yake. Mtoto aliruhusiwa kuasi, lakini kwa ukurasa mmoja tu.

Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1986 sheria iliyokomesha viboko katika shule za serikali. Sapatu nayo ikatoweka katika Beano. Walter, mtoto mpole aliyekuwa akionewa na Dennis, akapunguziwa mateso, na mwaka 2021 mhusika aliyeitwa Fatty, yaani Kibonge, akapewa jina la Freddy.

Wapo waliolalamika kwamba utani umetiwa adabu kupita kiasi. Lakini malalamiko hayo yanasahau Peanut. Kuondolewa kwake hakukuua kicheko. Kulimwondolea mzigo mtu asiyestahili kuubeba.

The Dandy liliacha kuchapishwa kila wiki tarehe 4 Desemba mwaka 2012, siku lilipotimiza miaka 75. Beano limebaki. Aliyelelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi hatashangaa: kicheko kinachodumu ni kile cha mdogo kumcheka mkubwa, si cha mwenye nguvu kumcheka mnyonge.